Kizidishi cha biti 8: acheni kwanza ubishi wa mti

Kamera ya kukagua bakajani chelewa kwenye viazi mviringo itafia betri kabla haijafia programu. Tukuyu, mkoani Mbeya, hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na paneli ndogo ya sola ikishinda chini ya mawingu siku tatu mfululizo, kila pikojuli, kipimo kidogo mno cha nishati, ina bei. Kwa hiyo namwelewa mwanafunzi wa elektroniki pale Mbeya anayetaka kuchora mwenyewe saketi ya kuzidisha kwa ajili ya mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kutambua picha, maana kazi karibu yote ya mtandao huo ni kuzidisha na kujumlisha. Nisichokielewa ni kwa nini aanze na ubishi wa mti, yaani mpangilio wa matawi wa kujumlisha biti: wa Wallace au wa Dadda?

Hesabu zenyewe zinaumaliza ubishi huo. Kuzidisha biti 8 kwa 8 kunahitaji geti 64 za AND (saketi ndogo zinazotoa 1 pale tu pembejeo zote mbili ni 1), kisha biti 64 zinazotoka humo zijumlishwe. Ukizijumlisha safu kwa safu, bila ujanja wowote, utatumia vijumlishi kamili 48 (vya kujumlisha biti tatu) na vijumlishi nusu 8 (vya biti mbili). Mpango alioutoa Luigi Dadda mwaka 1965 unatumia vijumlishi kamili 35 na nusu 7, halafu unadai kijumlishi cha mwisho cha biti 14. Hicho cha mwisho ukikijenga kwa njia ya kawaida, kila hatua ikimpa jirani yake biti ya kubeba, ni nusu 1 na kamili 13. Jumla inarudi palepale: 48 na 8. Dadda alipunguza muda, hakupunguza geti, na kamera inayopiga picha moja kwa saa haina haraka hiyo. Njia ya Booth, inayosimba biti za namba moja kwa makundi, nayo siipendekezi kwa biti 8. Safu za kujumlisha hupungua kutoka 8 hadi 4, lakini visimbaji vyake hula sehemu kubwa ya eneo ulilookoa.

Akiba ya kwanza iko kwenye biti. Uzito wa mtandao, yaani namba zake za kuzidishia, ukishuka kutoka biti 8 hadi 4, geti za AND zinakuwa 32, na kumbukumbu ya kuhifadhi uzito inapungua kwa nusu. Hiyo ya kumbukumbu ndiyo nzito zaidi. Mwaka 2014 Mark Horowitz wa Stanford alitoa makadirio ya teknolojia ya nanomita 45: kuzidisha biti 8 hula pikojuli 0.2, kuzidisha namba za desimali za biti 32 hula 3.7, na kuvuta neno moja la biti 32 kutoka DRAM, kumbukumbu iliyo nje ya chipu, hula 640. Yaani safari moja ya DRAM ni sawa na kuzidisha mara 3,200. Kizidishi kizuri kilichozungukwa na kumbukumbu ya nje ni kazi bure.

Akiba ya pili iko kwenye migeuko, kwa kuwa geti hula umeme hasa inapogeuka kutoka 0 kwenda 1 au kinyume chake. Uzito wa mitandao hii hukusanyika karibu na sifuri, chanya na hasi. Kwa mfumo wa kawaida wa namba hasi, kutoka 1 kwenda −1 ni kutoka 00000001 kwenda 11111111: biti 7 zimegeuka kwa tofauti ndogo kabisa. Tenganisha alama na ukubwa, na itageuka biti 1 tu. Kizidishi chenyewe kinabaki cha 7 kwa 7, geti 49, pamoja na XOR moja (geti inayotoa 1 pembejeo zikitofautiana) ya alama. Gharama yake ni kwamba rejista ya jumla, inayotunza majibu yanayolimbikizwa, lazima ijue kujumlisha na kutoa. Mazao (majibu ya kuzidisha) 256 ya namna hiyo hayawezi kuzidi 4,129,024, kwa hiyo biti 23 zinatosha. Wanaoweka 32 kwa mazoea wanalisha rejista tupu.

Sifuri nazo ni nyingi baada ya ReLU, hatua inayogeuza kila namba hasi kuwa sifuri. Kosa linalojirudia ni kuiruhusu sifuri iingie kwenye kizidishi kwa kudhani haina gharama. Inaingia ikigeuza biti zote zilizokuwa 1, na namba inayofuata inazigeuza tena. Ikija sifuri, acha rejista za pembejeo zishike namba za zamani na uzime saa (mapigo yanayoiendesha) ya rejista ya jumla kwa mzunguko huo.

Baada ya hayo ndipo ukate pembe. Ukiondoa safuwima 4 za chini za ile 7 kwa 7, geti 10 zinaondoka pamoja na vijumlishi vyake. Kosa kubwa kabisa kwa zao moja ni 49, na kwa biti za bahati nasibu wastani ni 12.25. Kosa hili siku zote hupunguza ukubwa wa zao. Chujio (kundi la uzito unaotumika pamoja) lenye uzito wa alama zote mbili litafuta sehemu yake. Lenye uzito wa chanya mtupu litapoteza kama 3,136 kwenye mazao 256. Pima wastani huo kwa picha halisi za majani, uuongeze kwenye bayasi ya chujio, ile namba isiyobadilika inayoongezwa kwenye jumla, na hutatumia geti hata moja.

Kwenye FPGA, chipu unayoweza kuipanga upya, msijisumbue. iCE40 UP5K, mojawapo ya chipu hizo, ina vizidishi 8 vya biti 16, kila kimoja kikigawanyika kuwa viwili vya biti 8. Yosys, programu inayogeuza maelezo ya saketi kuwa geti, haivitumii usipoweka chaguo la -dsp. Kuchora chako kunaleta maana ukilenga chipu halisi, kwa mfano kupitia maktaba huria ya kiwanda cha SkyWater ya nanomita 130. Migeuko nayo ihesabuni kwa simulesheni ya geti yenye ucheleweshaji, kwa sababu bila ucheleweshaji migeuko ya bure, inayotokea kabla jibu halijatulia, haionekani kabisa.

Jaribu jozi zote 65,536 za pembejeo. Kompyuta ndogo inazimaliza upesi, na humo mtakutana na sifuri hasi: aliyegeuza biti kwa XOR ili kurudi kwenye mfumo wa kawaida, akaacha kuongeza 1 ili kuokoa geti ataiona ikitoka kama −1.