Maswali matano ya Blair, ukiyasoma ukiwa Dodoma

Kuna hotuba Tony Blair, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, aliitoa Chicago Aprili 1999, NATO wakiwa wanaipiga Yugoslavia mabomu kwa ajili ya jimbo lake la Kosovo, ambako Waalbania walikuwa wanauawa na kufukuzwa. Wengi huku wakiisikia wanasema ubeberu tu huo basi, ila ukiisoma haiishii hapo. Alisema mauaji ya kimbari hayawezi kuwa mambo ya ndani ya nchi, halafu akaweka maswali matano ya kujiuliza kabla hujapeleka jeshi kwa watu: tuna uhakika na hoja yetu? diplomasia imegonga mwamba kweli? jeshi linaiweza hiyo kazi? tuko tayari kukaa muda mrefu? na maslahi yetu yapo?

Mi namuelewa. Mwisho wa Aprili 1994 Wanyarwanda kama laki mbili na nusu walivuka mpaka wa Rusumo kuingia kwetu Ngara wakikimbia mauaji ya kimbari, ndani ya siku moja hivi, dunia inaangalia tu, sasa hapo uniambie kila nchi ishughulike na yake? Na sisi wenyewe hatukuwahi kuamini hivyo, Kongwa hapo tu tulikuwa na kambi za wapigania uhuru wa FRELIMO, SWAPO na ANC toka miaka ya 60, na 1979 JWTZ wakafika mpaka Kampala (Amin ndo alianza lakini, alivamia Kagera), na bado kuna wakubwa wa OAU, umoja wa nchi za Afrika wa enzi hizo, walitununia.

Tatizo ni kwamba anayeuliza ndo huyohuyo anayejibu. Kosovo waliingia bila kibali cha Baraza la Usalama, Iraq 2003 hivyohivyo, na ripoti ya Chilcot ya 2016, uchunguzi wa Waingereza wenyewe kuhusu vita ya Iraq, ikaja kusema njia za amani zilikuwa hazijaisha, yaani Blair kafeli swali lake mwenyewe la pili.

Swali la nne, la kukaa muda mrefu, hata sisi lilitutoa jasho kule Uganda. Amin kaondoka, Lule aliyeshika urais baada yake hakumaliza hata miezi mitatu, Obote, yule rais aliyepinduliwa na Amin, karudi 1980, mwaka uliofuata vita tena msituni, na huku kwetu maduka matupu, watu foleni ya sukari.

Wengine wanasema basi aamue AU, Umoja wa Afrika. Sawa, kifungu cha 4(h) cha mkataba wao wa kuanzishwa kinawaruhusu kabisa kuingilia mauaji ya kimbari. Desemba 2015 wakasema wanapeleka askari 5,000 Burundi, Bujumbura ikagoma, Januari wakuu wa nchi wakarudi nyuma, na wakimbizi wakaendelea kumiminika kwetu Kigoma.