Masters ya HR? Kaa kwanza na mtu unayemfuta kazi

Mtoto wa dadangu amemaliza digrii juzi juzi tu, na wiki iliyopita akanitumia meseji, "Anti nimepata nafasi ya masters ya HR, tunaanza Septemba," na mnajua meseji kama hizo huishia wapi, "naomba unisaidie na fee ya semesta ya kwanza." Nimekaa na hiyo meseji siku tatu. Sio pesa (sawa, pia ni pesa), ila mimi mwenyewe niko ndani ya hiyo masters ya usimamizi wa wafanyakazi saa hii, madarasa nimemaliza niko kwa tasnifu, na jibu langu kwake ni ngoja.

Mimi nilingoja miaka tisa, na si kwa hekima, nilikosa tu karo. Mwaka wangu wa pili ofisini, kampuni moja ya Industrial Area, Nairobi, bosi aliniita asubuhi akasema yule jamaa wa stoo aende leo leo, katoni zimepotea. Nikaandika barua ya aya mbili, nikampelekea. Akaisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaniuliza, "Madam, kwani hata hamniulizi?" Nikamwambia ni maagizo kutoka juu. Aki hiyo sentensi bado hunirudia nikiwa kwa matatu.

Miezi michache baadaye barua ya wakili ikafika. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 41, inasema kabla umfute mtu kwa makosa umweleze sababu kwa lugha anayoelewa na umsikize, tena ana haki ya kuja na mfanyakazi mwenzake ama mwakilishi wa chama akiwa amekaa hapo kando. Na ukimfuta vibaya korti inaweza kukuambia ulipe hadi mshahara wa miezi 12. Kampuni ikalipa kimya kimya nje ya korti. Hizo katoni mpaka leo hatujui zilienda wapi. Na mimi nilikuwa na digrii ya HR jamani, sheria ya kazi nilifanya mtihani wake na nikapita vizuri.

Sasa njoo darasani. Tulikuwa tunaanza saa kumi na moja unusu jioni hadi mbili unusu usiku, nimetoka Industrial Area na jam yake, tumbo linanguruma, na karibu nusu ya darasa walikuwa vijana wametoka digrii moja kwa moja. Wako sharp kuliko mimi, sidanganyi, Maslow na Herzberg na nadharia zao za motisha wanakumwagia kama maji. Lakini kuna siku tulikuwa tunasoma kupunguza wafanyakazi, sheria inasema umlipe mtu angalau siku 15 kwa kila mwaka aliofanya, na mzee mmoja aliyekaa kiwandani maisha yake yote akauliza, hiyo siku moja unaipataje, mshahara wa mwezi unagawa kwa 26, siku za kazi tu, ama kwa 30, siku zote? Weh! Darasa likawaka. Sisi wa kazini tulibishana karibu saa nzima, juu kila mmoja ameshawahi kuvutwa shati na mtu aliyemwaga unga akiuliza hesabu yake imefikaje hapo. Wale vijana walikuwa wameshika kalamu, wanangoja jibu la kuandika. Hilo ndilo lililokuwa somo lenyewe na liliwapita.

Halafu kuna hii tasnifu. Athari ya mafunzo kwa utendaji kazi, athari ya motisha kwa utendaji kazi, athari ya sijui nini kwa utendaji kazi, Kaunti ya Nairobi. Unatoa kibali cha utafiti cha NACOSTI, unachapisha hojaji, 1 ni nakataa kabisa 5 ni nakubali sana. Mimi ndiye hupokea hizo hojaji ofisini, mwanafunzi anaacha arobaini risepsheni, na nawaambia venye watu wetu hujaza: wanapiga tiki kwa 4 kutoka juu hadi chini, juu wanaamini bosi atasoma. Kisha mtu anaandika kwamba mafunzo yana athari chanya. Na wakati huo hukumu za korti ya kazi ziko kwa tovuti ya Kenya Law, bure, kila kosa la HR wa nchi hii liko huko na hesabu zake. Nilipomwambia msimamizi wangu nataka kusoma hizo hukumu badala ya hojaji akaniuliza, "Na sampuli yako iko wapi?" Tunavutana mpaka leo.

Kitu kingine ambacho huyu mtoto hajaambiwa ni kwamba masters si leseni. Kuna sheria ya wataalamu wa HR ya 2012, kuna CHRP, mitihani ya kuwa mtaalamu wa HR, kuna kusajiliwa na IHRM, taasisi ya wataalamu wenyewe, na cheti cha kufanya kazi. Kama pesa ni ya kitu kimoja tu, heri CHRP, na atafute ofisi yoyote hata ya kupanga mafaili na kujibu watu mwisho wa mwezi kwa nini peslipu imepungua, SHIF ya bima ya afya asilimia 2.75, tozo ya nyumba 1.5, NSSF ya pensheni, awaeleze mpaka wanyamaze.

Kwa hivyo nimemjibu, fee ya CHRP nitalipa, ya masters turudi kuongea baada ya miaka mitatu. Ameweka tiki mbili za bluu na kunyamaza. Dadangu naye amepiga simu mara mbili, sijashika, juu kesho saa nne niko na kikao cha kumsikiza dereva mmoja wetu na bado sijajua mwenzake atakayekuja naye ni nani.