Pembe lililotoka kavu kwenye udongo mbichi

Ilikuwa masika, mvua imenyesha usiku kucha, na uwanja wa mama mkubwa, upande wa Kasulu, ulikuwa tope tupu. Kamchape waliingia asubuhi na ngoma, kijiji kizima nyuma yao. Wengine huwaita rambaramba. Ni wale wanaozunguka vijijini kwetu Kigoma wakidai wananusa uchawi na kuufukua. Walichimba nyuma ya jiko. Mmoja wao akazamisha mkono shimoni hadi begani, akapiga kelele kama aliyegongwa na nyoka, akatoa pembe la swala lililofungwa kitambaa chekundu. Yowe likapigwa. Mama mkubwa, mjane asiye na wa kumtetea, akatozwa mbuzi wawili na fedha za kusafishwa. Hadi leo wako majirani ambao wakimwona kisimani huahirisha kuchota maji.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka shimoni. Udongo ulikuwa unanata kwenye jembe. Kile kitambaa kilikuwa kikavu, kinang'aa, hakina hata chembe ya tope. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikufungua mdomo.

Nilikuja kuielewa siku ile baadaye sana, niliposoma habari za Harry Houdini, mwanamazingaombwe wa Marekani. Watu wengi wakilisikia jina hilo wanakumbuka pingu na minyororo, na ni kweli, hivyo ndivyo alivyopata umaarufu. Alizaliwa Budapest mwaka 1874, jina lake Erik Weisz, mtoto wa rabi maskini, yaani kiongozi wa dini ya Kiyahudi. Familia ilihamia Marekani akiwa mdogo, na alipoanza mazingaombwe akajipa jina kwa kumwiga fundi mkubwa wa Ufaransa, Jean Eugène Robert-Houdin. Kwa miaka kadhaa hakuna aliyemjua. Yeye na mkewe Bess, waliyeoana mwaka 1894, walizunguka na mchezo mmoja wa sanduku: mmoja amefungwa ndani, mwingine amesimama nje, pazia linapita, na mnapotazama tena wamebadilishana. Mwaka 1899 mwenye kumbi mmoja, Martin Beck, alimwambia aachane na vitu vidogo vidogo na ashike pingu. Mwaka uliofuata Houdini alikuwa Ulaya, na huko ndiko nyota yake ilikowaka.

Alichonivutia mimi ni namna alivyojiweka wazi kukaguliwa. Alikwenda vituo vya polisi akaomba afungwe kwa pingu zao wenyewe. Alikubali kuvuliwa nguo na kupekuliwa. Alialika yeyote mjini alete kufuli, sanduku au gunia lake. Mwaka 1904, jijini London, gazeti la Daily Mirror lilimletea pingu ambazo fundi wa Birmingham alikuwa amezihangaikia miaka mitano. Watu kama elfu nne walikaa ukumbini zaidi ya saa nzima wakimsubiri atoke nyuma ya kipazia chake, na alipotoka mikono ikiwa huru walimbeba juu. Baadaye lilikuja debe kubwa la maziwa, mwaka 1908, analoingia limejaa maji na kufungwa makufuli juu yake. Mwaka 1912, Berlin, likaja kasha la kioo ambamo alitumbukizwa kichwa chini, miguu imebanwa kwenye mbao. Na mara nyingi alining'inizwa kutoka kwenye ghorofa, barabara nzima imesimama, akijikwamua kutoka koti lile la mikono mirefu walilokuwa wakifungiwa wagonjwa wa akili. Mwaka 1918 alimfanya tembo mzima atoweke jukwaani New York.

Mtu mwenye uwezo huo angeweza kujitangaza nabii. Watu walikuwa tayari kumwamini. Arthur Conan Doyle, aliyemtunga mpelelezi Sherlock Holmes, daktari kwa taaluma, aliamini kwa dhati kwamba rafiki yake Houdini anapenya kufuli kwa nguvu za roho. Houdini alimkanusha kila mara. Akasema ni mikono, ni mazoezi, ni ufundi.

Hapo ndipo ninapomtofautisha na yule aliyemwiga jina. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Robert-Houdin Algeria, kwa Waafrika wenzetu, kuwaonyesha kwamba Mfaransa ana nguvu kuliko marabuti wao, watu wa dini walioaminika kufanya miujiza. Aliweka kasha dogo jukwaani. Akamwita mwanaume mwenye misuli alinyanyue, akalinyanyua kama mfuko wa pamba. Kisha akamwambia, sasa nimekuondolea nguvu zako, jaribu tena. Yule mtu akavuta mpaka jasho likamtoka, kasha halikusogea, na mwishoni mkono wake ukapigwa shoti, akakimbia. Chini ya jukwaa kulikuwa na sumaku ya umeme. Fundi alikuwa hodari, sina ubishi, lakini mchezo ule ulitumika kumnyenyekeza mtu katika nchi yake mwenyewe. Nikiufikiria namwona yule wa kamchape na mkono wake shimoni.

Mama yake Houdini, Cecilia, alifariki mwaka 1913 wakati mwanawe yuko safarini Ulaya. Houdini alimpenda mno mama yake na hakupona jeraha lile. Ndiyo maana alikuwa na hamu kweli ya kukutana na mtu awezaye kuzungumza na wafu. Mwaka 1922, Atlantic City, mke wa Conan Doyle alikaa mezani, mkono wake ukaanza kuandika kwa kasi, kurasa kumi na tano, ujumbe kutoka kwa Cecilia. Juu ya ukurasa wa kwanza palichorwa msalaba, na maneno yote yalikuwa ya Kiingereza. Cecilia alikuwa mke wa rabi, na Kiingereza hakukiandika maisha yake yote. Houdini alizipokea zile karatasi, na kwenye urafiki wao hapo ndipo ufa ulipoanzia.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Msalaba ule ndio kitambaa changu kikavu. Mwongo hukamilisha kila kitu, ngoma, kelele, machozi, lakini kuna kitu kimoja kidogo anachokisahau kwa sababu hakumjua mama wa mtu au hakuangalia kama mvua imenyesha.

Baada ya hapo Houdini aliingia vitani. Mwaka 1924 alikaa gizani Boston na mwanamke maarufu aliyejulikana kama Margery, aliyedai roho hupiga kengele iliyofichwa sandukuni. Mchana kutwa Houdini alikuwa ameufunga mguu wake bendeji ya mpira hadi ukavimba na kuuma kwa mguso mdogo tu. Gizani, miguu ikigusana, akausikia mguu wa Margery ukiteleza taratibu kuelekea kengele. Zawadi ya dola 2,500 ambayo jarida la Scientific American liliahidi kumpa atakayethibitisha nguvu za roho, Margery hakuipata. Houdini pia alimtuma mpelelezi wake, Rose Mackenberg, kutangulia mijini akijifanya mjane. Huyo dada hakuwahi kuolewa, lakini aliletewa salamu nyingi kutoka kwa marehemu mumewe. Houdini akifika jukwaani anaeleza nani amedanganya, kiasi gani kimelipwa, na mchezo wenyewe unafanywaje. Mwaka 1926 alikwenda mbele ya wabunge Washington kuunga mkono muswada wa kuwabana wapiga ramli wa kulipwa. Aliweka dola 10,000 kwa yeyote atakayesoma simu ya maandishi aliyoikunja mkononi. Hakuna aliyeweza. Muswada haukupita, na tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo alifariki Detroit kwa kupasuka kidole tumbo. Bess alimsubiri aite kutoka huko aliko, kama walivyoahidiana kwa neno la siri. Miaka kumi. Mwaka 1936 akaizima taa aliyokuwa ameiwasha kando ya picha yake.

Sasa nirudi kwetu. Tunao wanamazingaombwe. Nilipokuwa shule ya msingi Ujiji walikuja kila muhula, tukatoa shilingi mia, tukaona karatasi zikigeuka noti na mayai yakitoka masikioni mwa mwalimu. Tukitoka darasani tulinong'ona kwamba yule ni mchawi, na siku hizi watoto wananong'ona kwamba ni frimasoni. Hili linaniumiza. Msanii wa kiini macho anaogopwa na kusemwa vibaya, hali anayefanya kiini macho kilekile uwanjani kwa bibi wa watu anapewa mbuzi na kusindikizwa kwa heshima. Sheria ya Uchawi tunayo tangu 1928, inakataza kumsingizia mtu uchawi, lakini kijiji kizima kikishapiga yowe, nani atasimama na karatasi ya sheria? Kijiji kimeona kwa macho. Kinachoweza kujibu kilichoonekana kwa macho ni kitu kingine cha kuonekana kwa macho.

Ndiyo sababu nasema wanamazingaombwe wetu wanadaiwa na akina mama mkubwa. Wao ndio wanaojua pembe linakaa wapi kabla ya kuingia shimoni. Polisi hawajui, mchungaji na shehe hawajui, na mimi niliyesoma vitabu sijui kulifanya.

Mwezi uliopita nilimtafuta mmoja anayefanya maonyesho mashuleni hapa Kigoma mjini. Tulikutana Mwanga, kwenye ua nyuma ya kibanda cha chai. Nilimsimulia yote. Alinisikiliza bila kunikatiza, akaazima koleo, akachimba shimo, akamwaga ndoo ya maji ndani. Akaniambia niutazame mkono wake wa kulia tu, nisipepese. Niliutazama. Akauzamisha, akapiga ukelele, akatoa pembe. Nilikuwa najua analo, na bado mwili ulinisisimka. Kisha akalirudia polepole, nikaona: mkono wa kushoto ndio uliofanya kazi, wakati wa ukelele, kutoka ndani ya shati.

Nililichukua tukio kwa simu na kumpelekea mama mkubwa. Mjukuu wake alimshikia simu akaliangalia mara tatu. Alinipigia jioni ile. Hakulia, ingawa nilidhani atalia. Aliuliza nauli ya yule kijana kutoka mjini ni kiasi gani, kisha akasema, "Mwanangu, mlete aifanye hapa, nyuma ya jiko, na wawepo walewale waliokuwepo siku ile."

Yule kijana amekubali kwenda, na hataki malipo zaidi ya nauli na chakula. Tunachosubiri ni ruhusa ya mwenyekiti wa kijiji, ambaye siku ile ya pembe naye alikuwepo.