Kibuyu cha mbegu mbele ya jaji

Tarehe 27 Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ilivifuta baadhi ya vifungu vya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea ya Kenya, ikasema vinakiuka Katiba. Kesi hiyo ilikuwa imefunguliwa na wakulima wadogo 15 mwaka 2022. Kwa vifungu hivyo, mkulima aliyeuza au kubadilishana mbegu zisizothibitishwa aliweza kufungwa hadi miaka miwili na kutozwa faini ya hadi shilingi milioni moja. Navyo vilimpa mkaguzi mamlaka ya kuingia katika benki ya mbegu ya kijijini na kutoka na mitungi kwapani. Jaji Rhoda Rutto aliona sheria imevuka mpaka.

Tangu siku hiyo nimesikiliza pande mbili. Upande mmoja unasema mkulima amekombolewa. Wa pili, na humo mna wataalamu wa kilimo ninaowaheshimu, unasema tumeyafungulia mlango magonjwa na matapeli kwa sababu ya huruma. Neno hilo "huruma" ndilo lililonifanya niandike. Linachukulia kwamba mbegu ya kibuyu, ile mkulima anayojihifadhia mwenyewe, ni kumbukumbu ya shosho, inatunzwa kwa mapenzi tu, na kwamba ubora unaanzia kwenye pakiti.

Basi tuingie chumbani tuone. Benki ya mbegu ya jamii, ambayo wengine huiita maktaba kwa kuwa mtu huazima, mara nyingi ni chumba kimoja chenye rafu, mitungi ya vifuniko vya kukaza na daftari. Huko Gilgil, Kaunti ya Nakuru, shirika la Seed Savers Network limekuwa likisaidia vikundi kuwa na vyumba vya namna hii. Mwanachama huchukua maharagwe kabla ya mvua, akivuna anarudisha zaidi ya alichochukua. Daftarini huandikwa jina la mbegu kwa lugha ya mahali, ilitoka kwa nani, inakomaa kwa siku ngapi, inavumilia jua au haivumilii, inaiva haraka au inamaliza kuni. Hilo la mwisho hulioni kwenye pakiti ya dukani.

Kazi yenyewe hasa hufanyika nje ya chumba. Mbegu nzuri huchaguliwa shambani mmea ukiwa bado umesimama, si ghalani punje zikiwa zimekwisha kuchanganyika. Mkulima hufunga uzi kwenye mnavu au mchicha wenye afya kuliko mingine, akauacha uzae na kukauka huku mingine ikichumwa mboga. Mahindi ya mbegu hutolewa katikati ya shamba, mbali na ya jirani, kwa sababu chavua husafiri na upepo. Kisha kwenye gunzi huchukuliwa punje za katikati, zile za ncha mbili zikaenda jikoni. Maharagwe hayana taabu hiyo, kwani kwa sehemu kubwa hujichavusha yenyewe. Baada ya hapo ni kukausha. Unatia mahindi kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, unatikisa, unasubiri kidogo: chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi takriban asilimia 15, rudisha juani. Jivu huwekwa dhidi ya fukusi. Kabla ya kugawa, punje 100 huviringishwa katika kitambaa kibichi, zilizoota zikahesabiwa na hesabu ikaandikwa kwenye mtungi. Maabara hufanya jambo lilo hilo, ikiongeza koti jeupe.

Mchagua jembe si mkulima, walisema wahenga. Kuhusu mchagua mbegu walinyamaza, na nadhani walikuwa na sababu.

Tena pakiti yenyewe ina ukoo. Mahindi chotara ya H611, yaliyotolewa Kitale mwaka 1964 na kubadili kilimo cha nyanda za juu, yalizaliwa kwa kukutanisha Kitale Synthetic II, ambayo chanzo chake ni mahindi yaliyokuwa yakilimwa Kenya, na Ecuador 573, aina ya wenyeji iliyoletwa kutoka Ecuador. Mtaalamu aliyeyakutanisha alifanya kazi kubwa na simnyimi haki yake. Lakini malighafi aliikuta mikononi mwa wakulima ambao hakuna aliyewahi kuwauliza cheti. Wanaojibu kwamba malighafi hiyo sasa iko salama katika benki ya taifa ya vinasaba huko Muguga, iliyopo tangu mwaka 1988, wanasema nusu ya ukweli. Mbegu iliyogandishwa inabaki vile ilivyoingia. Haijui kwamba mvua zimechelewa mwaka huu na mwaka jana. Inayojua ni ile iliyopandwa, ikapigwa na jua, ikabaki mimea michache, na mbegu za hiyo michache ndizo zikarudishwa mtungini.

Sasa upande wa pili, maana hoja yao ya magonjwa si ya kupuuzwa. Mwaka 2011 ugonjwa wa mnyauko wa mahindi uliotambuliwa Bomet ulikausha mashamba ya watu yakiwa bado hayajabeba. Unaletwa na virusi viwili vikikutana, na kimojawapo kinaweza kupita kwenye mbegu, ingawa kwa kiwango kidogo sana. Kiwango hicho kidogo kinatosha kuuhamisha ugonjwa kutoka kaunti moja hadi nyingine, kisha wadudu wanamalizia. Mkulima hawezi kuiona punje yenye virusi, awe na uzoefu wa miaka 40. Viazi ni vibaya zaidi: kiazi cha mbegu kinaonekana kizuri kabisa huku ndani kimebeba bakteria wa mnyauko, na ukishampa jirani debe moja umempa pia udongo ambao utamsumbua misimu kadhaa. Pingili za mihogo nazo ndizo zinazosafirisha magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia. Kwa mazao haya, ukarimu wa jirani una hatari ya kweli, na mtetezi wa benki za mbegu asiyelisema hilo anajidhuru mwenyewe.

Kuna pia matapeli. Mtu anachukua mahindi ya kula, anayapaka rangi, anayatia kwenye pakiti inayofanana na ya kampuni. Ndiyo maana KEPHIS, mdhibiti wa mbegu, iliweka kibandiko cha kukwaruza kwenye pakiti, ili mnunuzi atume namba kwa simu na kujua kama mbegu ni halali. Hiyo ni kazi nzuri, na hukumu ya Machakos haipaswi kumtia mtu moyo wa kuiacha.

Ila angalia tapeli huyu anafanya nini. Anaiga pakiti. Haigi kibuyu, kwa sababu hakuna faida katika kuiga kitu ambacho anayekichukua anamjua anayekitoa, analijua shamba lake, na msimu ujao atakutana naye kisimani. Sheria iliyotungwa kumkamata mtu asiyejulikana anayeuza kwa maelfu ilimfunga kamba moja na mtu anayejulikana mpaka jina la mbuzi wake.

Na mlango wa kuhalalisha mbegu ya kijiji haukuwa wazi kama inavyodaiwa. Ili aina isajiliwe ni lazima iwe tofauti na nyingine, mimea yake ifanane, na isibadilike kizazi hadi kizazi. Kwa kampuni hayo ni masharti ya kawaida. Kwa maharagwe ya mchanganyiko ya mama wa Kisii, mekundu na ya madoadoa na ya manjano katika tuta moja, sharti la pili ni hukumu ya kifo. Yeye huyachanganya makusudi: mvua ikizidi haya yataoza yale yatapona, jua likizidi kinyume chake. Kile anachokitegemea kama bima, fomu inakisoma kama kasoro. Ukimwambia "sajili basi kama wengine" unamwambia aibadilishe mbegu mpaka isiwe tena ile aliyoitaka.

Kuna takwimu moja ambayo pande zote mbili huipenda, na mimi haijaniacha nilale. Mwaka 2016 watafiti Shawn McGuire na Louise Sperling walichapisha hesabu ya mbegu ambazo wakulima wadogo walitumia kweli, kumbukumbu 9,660 kutoka nchi sita, Kenya na Kongo zikiwemo. Asilimia 90 ya mbegu zilipatikana nje ya mfumo rasmi. Mtetezi wa kibuyu huinua mkono hapo na kusema: tazama, wakulima hulishana wenyewe. Mtetezi wa cheti huinua wake: tazama, asilimia 90 ya mashamba yamejaa mbegu zisizopimwa. Wote wawili hawakusoma mstari unaofuata. Ndani ya hizo 90, asilimia 51 zilitoka katika masoko ya kawaida, na asilimia 55 ya mbegu zote zililipiwa pesa taslimu.

Yaani mbegu ya "asili" kwa wengi si zawadi ya jirani hata kidogo. Ni gorogoro la maharagwe lililonunuliwa sokoni wiki ambayo mvua imeanza, kutoka kwa mfanyabiashara ambaye naye alinunua kwa lori lililotoka asikokujua. Mnunuzi anachambua kwa macho, anaondoa yaliyotobolewa, anapanda. Hapa cheti hakipo, na jirani pia hayupo. Hakuna aliyefunga uzi kwenye mmea, hakuna chumvi wala kitambaa kibichi. Nikiitazama asilimia hii 51 naona kwamba ugomvi wetu wa pakiti na kibuyu umemruka mtu mwenyewe. Na tujiulize kwa nini alikwenda sokoni: mara nyingi ni kwa sababu mbegu yake aliila wakati wa njaa, au aliiuza kulipa karo, au dumuzi walimtangulia. Kwa mtu huyo, pakiti ya duka la pembejeo iko mbali kwa bei na kwa njia, na mara nyingi haina aina anayoitaka. Mtungi ulio kilomita mbili kutoka kwake, anaoweza kuuchukulia bila pesa na kulipa kwa mavuno, uko karibu zaidi, na daftari linasema mbegu ilitoka kwa nani. Ukitaka kupunguza mbegu mbovu mashambani, anza na hiyo 51. Sheria ilianza na mitungi.

Tanzania ilijaribu njia ya katikati: mbegu za kuazimiwa ubora. Mkulima aliyefunzwa huzalisha, TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu, hukagua kwa kiasi, naye huwauzia watu wa eneo lake. Anayenunua anajua pa kurudi mbegu isipoota. Ni wazo zuri na ningependa Kenya iliangalie. Lina upungufu mmoja unaonirudisha nilikotoka: aina yenyewe lazima iwe tayari imesajiliwa. Maharagwe ya mchanganyiko bado yamesimama nje ya ua.

Bunge la Kenya sasa lina kazi, na haikuletwa na jaji. Ibara ya 11 ya Katiba ya 2010 ililitaka litunge sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu za asili na matumizi yake kwa jamii. Hapo lingeweza kuyatenga mazao kwa hatari yake: viazi na mihogo viendelee kufuatwa kwa karibu hata kati ya majirani, kunde na mnavu viachwe vitembee, na anayeuza kwa lori abanwe kuliko anayetoa kwa kikombe. Wakaguzi nao wasiachwe bila kazi. Wale waliokuwa na ruhusa ya kuingia na kutoka na mitungi wanaweza kurudi katika vyumba vile vile, safari hii wamebeba kipima unyevu, na picha za majani yenye virusi za kubandika ukutani juu ya rafu.