Vunja simu, halafu?

Juzi nimekaa kwenye semina ya vijana hapa Majengo, Moshi, mpaka saa mbili usiku. Mada: picha za ngono. Mhubiri kafoka, jasho linamtoka, kisha akatoa suluhisho: vunja simu! Ukumbi mzima "Ameen". Sasa simu yenyewe ya mkopo. Ukiivunja leo, marejesho ya kesho unalipa kwa simu ipi? Na yule dogo wa bodaboda aliyekaa mbele yangu, wateja watampigia kwenye helmeti?

Nilikuwa nasubiri mtu aulize kitu kimoja tu: huwa unaangalia saa ngapi, umetoka wapi, siku yako ilikuwaje? Wapi!

Nina jamaa yangu fundi simu, karibu na soko la Memorial. Ana mteja wake, dereva bodaboda wa Pasua (kaniruhusu nimsimulie, jina tuliache), aliyemwomba amfungie hizo tovuti kwa namba ya siri asiyoijua yeye mwenyewe. Fundi kafunga. Siku chache tu, huyo hapo: "Fundi, nifungulie bwana, kuna kitu cha kazi kinagoma." Kafungua, kachukua elfu mbili yake. Kufunga tena, kufungua tena. Mwisho fundi, ambaye hajasomea saikolojia popote, akamwambia: "Kaka, mbona kila ukija kufungua una stori ya tajiri wako?"

Hapo ndipo penyewe. Siku hesabu haikutimia, tajiri mwenye pikipiki kamtukana mbele ya kijiwe kizima, anarudi geto amenuna, bando la usiku lipo na koneksheni, zile video za ngono, zimejaa kwenye grupu la WhatsApp. Saa hiyo hata ngono haitaki. Anataka kusahau maneno ya tajiri. Mwingine ni upweke wa Jumapili jioni, mwingine kushinda ndani bila kazi, mwingine kagombana na mke. Kichocheo chenyewe kilimpata tangu mchana, video imekuja mwishoni kabisa, na sisi tunahangaika na video.

Mhubiri alisema pia, "Msiiwaze kabisa!" Ajaribu. Kwenye utafiti uliochapishwa 1987, mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake huko Marekani waliwaambia wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe, na kila akiwajia kichwani wagonge kengele. Kengele ziligongwa.

Na hamu huna haja ya kupigana nayo. Alan Marlatt, mwanasaikolojia Mmarekani aliyefanya kazi na walevi, alifundisha watu kuitazama kama wimbi: linapanda, linafika juu, linashuka lenyewe hata usipolipatia kitu. (Sisi wa mlimani wimbi tunalionea Tanga, ila inaeleweka.) Iangalie tu inavyokuja. Kifua kinabana, mkono unapapasa simu chini ya mto, kichwa kinaanza kujitetea, "leo tu, kesho naacha." Inuka, toka nje, kaa na watu. Inalegea. Aliyeitii tangu sekondari hajui hilo, kwa sababu hajawahi kuisubiri ishuke.

Haya, kufunga tovuti kunasaidia, nakubali. Kunakupa muda wa kuinuka kitandani. Maombi nayo, kwa anayeomba. Wauza dawa wanaobandika matangazo kwenye nguzo za umeme sina hata sentensi ya kuwapa.

Kinachoniuma zaidi ni fedheha. Kijana akitoka kwenye semina anajiona takataka, anakwenda kulala na hisia ileile inayompeleka kwenye simu. Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, limeingiza tatizo la tabia ya ngono isiyodhibitika, lakini likasema wazi kwamba kujisikia vibaya kwa sababu za kimaadili peke yake hakutoshi kumwita mtu mgonjwa. Ambaye kweli kazi na ndoa vinaharibika na kuacha kumemshinda, aende hospitali kwa watu wa afya ya akili. Si kuanikwa kwenye kipaza sauti.

Dereva wetu siku hizi hesabu ikipungua haendi geto moja kwa moja. Anabaki kijiweni anacheza drafti mpaka usingizi umshike, na simu inalala kwenye chaji kwa mama mwenye nyumba. Bado huteleza. Lakini fundi analalamika kwamba biashara ya kufungua imedorora.