Soma Wikipedia, ila tanbihi usizoe

Wahadhiri wengi wana onyo la wiki ya kwanza ya muhula: ukiitaja Wikipedia kwenye marejeleo, alama zako zimekwenda. Naelewa wanachoogopa. Jimmy Wales mwenyewe, mmoja wa walioianzisha mwaka 2001, amewahi kuwaambia wanafunzi wasiinukuu kwenye kazi za chuo. Tatizo langu ni kwamba onyo hilo limezaa tabia mbaya zaidi.

Mwanachuo bado anaisoma, ila kwa siri. Atafanyaje, bando lenyewe la kuunga na majarida mengi ya kitaaluma yanadai dola ndipo yafunguke? Basi anasoma ukurasa, anageuzageuza maneno, anashuka hadi kwenye tanbihi, anazoa vitabu vilivyotajwa pale na kuvipanga kwenye marejeleo yake kana kwamba amevisoma. Mhadhiri anaona majina mazito, anatoa alama. Mimi hilo ndilo ninaloliita wizi. Aliyeandika waziwazi kwamba ameanzia Wikipedia ni muungwana mbele yake.

Chukua Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Ukitafuta idadi ya waliokufa utakutana na 75,000, na papo hapo utakutana na 300,000. Anayedesa atachukua moja asonge mbele. Mtafiti atashtuka: mbona zinapishana hivi? Akizifuata tanbihi ataona kwamba ile ndogo ni ya Wajerumani wenyewe, na ile kubwa inamfikisha kwa Gilbert Gwassa, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye pamoja na John Iliffe walichapisha mwaka 1968 masimulizi yaliyokusanywa kwa wazee wa kusini. Hapo anajifunza kwamba wanajeshi wa Kijerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua kuliko risasi. Sasa ana swali la tasnifu: waliokufa kwa njaa, nani aliwahesabu? Swali hilo amelipata kwa kuanzia kwenye kamusi elezo, na kwa kukataa kuishia pale.

Wapo wanaosema mtu yeyote anaweza kuandika upuuzi humo. Kweli. Mwaka 2009, mtunzi wa muziki wa filamu Maurice Jarre alipofariki, mwanafunzi mmoja wa Dublin alimbandikia kwenye ukurasa wake maneno ambayo hakuyasema kamwe. Wahariri wa Wikipedia waliyafuta kwa kukosa chanzo. Magazeti yalikuwa yameshayachapa. Kwa hiyo sioni kwa nini gazeti lipite kwenye marejeleo bila kuulizwa. Na hizi akili mnemba zinazojibu kila kitu, mara nyingi bila tanbihi hata moja, ndizo zinazonitisha kweli.

Toleo la Kiswahili, lililoanza mwaka 2003, ni dhaifu: kurasa nyingi ni fupi, nyingine hazina chanzo. Lakini udhaifu huo ni kazi nzuri ya kumpa mwanafunzi. Badala ya insha itakayofungiwa kabatini, mpe ukurasa wa wilaya yake, afungue historia ya mabadiliko na majadiliano, ataje sentensi zisizo na ushahidi, kisha aende maktaba kuutafuta. Na siku ya kuwasilisha aje na kitabu chenyewe mkononi, aonyeshe ukurasa.