Kiko cha Koko

Shemeji yangu anayekaa Ufaransa ni mtu wa bei. Mwombe viatu, atakutumia viatu, ila kamba utajinunulia mwenyewe. Kwa hiyo Koko, nyanya wa bibi yangu niliyemwoa, alipomwomba kiko kipya baada ya kile cha zamani kupasuka, hatukushangaa sana kifurushi kilipofika Goma tukakuta ndani kipande cha mti.

Kipande chenyewe kilikuwa na pembe kila upande, cha kujaa kiganja, kimetobolewa tundu pana la kutia tumbaku na jingine jembamba la kupitisha moshi. Kando yake kulikuwa na mrija mweusi wa kutia mdomoni, umenyooka, bado una mikwaruzo ya mashine. Shemeji alijieleza kwa sauti ya WhatsApp. Alikuwa amepita Saint-Claude, ule mji wa milima ya Jura ambako Wafaransa wanachonga viko tangu karne ya 19, akakuta kiko kilichokamilika kina bei ya mbuzi, na hiki cha kumalizia nyumbani kina bei ya kuku. "Shemeji atamalizia. Yeye iko na mikono."

Koko akakigeuza, akakinusa, akaniangalia.

"Mukwe, hii njo kiko ao njo sabuni?"

Nikamwambia ni kiko, Koko, bado kazi kidogo tu. Na mbele ya nyanya wa bibi yako, ukishasema "kazi kidogo tu" umeshatia saini.

Mti ulikuwa mzuri, siwezi kuusema vibaya. Ni bruyeri, kichaka cha pwani za Mediterania. Wanachimba lile fundo la chini, shina linapokutana na mizizi, wanalichemsha saa nyingi kutoa utomvu, kisha wanalikausha miezi. Unavumilia moto kuliko mbao nyingi, ndiyo maana haugeuki makala, yaani makaa, mdomoni mwa mvutaji. Wa ukoo wake wamejaa huko juu kwenye milima yetu ya Virunga, lakini hilo sikumwambia Koko, angenituma.

Nikakata pembe kwa tupa, nikaanza msasa: 80, halafu 120, halafu 240. Zaidi ya hapo duka la vifaa lilikuwa halina kitu. Koko akapiga simu kwao Kalehe, na baada ya muda mtumbwi wa Minova ukatuletea bahasha ya majani makavu ya mti wa msasa, yale yanayokwaruza vidole. Sikutegemea kitu. Nikasugua polepole kwa kufuata mti unavyokwenda, na pale ubavuni pa bakuli vikaanza kujitokeza vidoa vya duara, vidogo vidogo, kila kimoja na kiini chake cheusi. Nikaita nyumba nzima ije kuona. Alikuja mtoto wa jirani tu.

Na seremala. Huyu jirani yetu hajawahi kuona mbao isiyohitaji vernisi. Mlango, kitanda, sanduku la maiti, vyote kwake vinang'aa sawasawa. Akaja na kopo lake.

"Tupake kidogo."

Nikamweleza kwamba kiko hakipakwi vernisi, kwa sababu bakuli likipata joto ile vernisi inatoa malengelenge. Kinatosha nta.

"Basi hata chini, pale hapaonekane?"

"Hata chini."

Akaondoka amenuna, na mimi nikajua atarudi.

Ukabaki mrija. Koko alitaka upindwe. Kiko kilichonyooka lazima ukishike kwa meno, na kilichopinda kinaning'inia chenyewe kwenye kidevu. "Niko na meno mbili," alisema, "na hazijuane." Mrija ulikuwa wa eboniti, yaani mpira uliopikwa na salfa nyingi mpaka ukawa mgumu. Unauweka juu ya joto, si ndani ya moto, umepitisha uzi kwenye tundu lake lisizibe. Ukilainika unaupinda, unautia kwenye maji baridi, basi. Ila usiuchome. Ukiuchoma, ile salfa inatoka.

Hapa lazima nikumbushe tunapokaa. Tunakaa Majengo. Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipotema, lava ilikuja kusimama Buhene, mwendo wa miguu tu kutoka kwetu. Halafu ardhi ikatetemeka siku nyingi, halafu tukaambiwa tuhame, wengine wakaenda Sake, wengine Gisenyi, wengine wakapanda mitumbwi. Kuna waliopoteza nyumba, na kuna waliopoteza watu. Hadithi hii ni ya miezi michache baadaye, wakati mtu mzima akisikia tu paka anaruka juu ya bati, mkono unakwenda kwenye begi.

Jioni ile umeme ulikuwa umekatika na avenyu nzima iko nje. Nikauweka mrija juu ya waya, mbali na makala ya mbabula, lile jiko letu. Ndipo nikasikia "Hodi!" mlangoni. Seremala, na kopo dogo zaidi. Nikamwambia mdogo wa bibi yangu, kijana mwenye haraka zake, "Chunga hapa, ukilainika uniite." Kijana akaona makala yanazubaa. Akachukua kipepeo, akapepea, na ili mambo yaende akaushusha waya.

Harufu ilinifikia nikiwa katikati ya neno vernisi. Mayai yaliyooza, na kiberiti juu yake. Ikavuka ukuta. Mama muuza makala akanyanyua pua. Muuza mikate akanyanyua pua. Kwa dakika nzima hakuna aliyesema kitu, kila mtu anamwangalia mwenzake asiwe yeye wa kwanza.

Mwalimu mmoja mstaafu akajaribu kututuliza. "Haiwezi kuwa mazuku, ile hewa ya kuua inayotoka ardhini," alisema. "Mazuku haina harufu. Ingekuwa mazuku mngekuwa mumeshalala."

Haikusaidia.

Na hapo hapo likapita lori lililojaa mawe, ardhi ikatikisika.

"Volkano!"

Sijui nani alisema. Magodoro yakapanda vichwani kama yalikuwa yanangoja mlangoni. Watoto wakahesabiwa, wakahesabiwa tena, mmoja akazidi. Mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, akapakia mama yake, mbuzi na televisheni, kwa mpangilio ambao mama yake analalamikia mpaka leo. Mwalimu alipita akikimbia na redio kwapani. Mimi nikasimama katikati ya njia, nimenyanyua kipande cha mrija kinachotoa moshi, ninapaza sauti: "Ni kiko! Kiko!"

Wao wakasikia "Iko! Iko!" wakaongeza mwendo.

Niliporudi uani, Koko alikuwa hajaondoka kwenye kiti chake.

"Koko, musiogope, haiko volkano."

"Najua. Ile njo mpira." Alikuwepo Nyiragongo ilipotema mwaka 1977, alikuwepo tena Januari 2002, harufu yake anaijua. "Nilisikia tangu mwanzo."

"Sasa mbona hamukuwaambia watu?"

Hakunijibu. Alikuwa anaelekeza kwa fimbo. Bibi yangu, wadogo zake na yule kijana wa kipepeo walikuwa wanapita mbio na bidoni za njano za maji kuelekea robine, bomba la mtaa. Wenye kujua Majengo wanajua foleni ya robine ile. Sasa ilikuwa haina mtu. Bidoni zetu zilipojaa, Koko akaagiza zichukuliwe na za majirani, zile walizoziacha nje.

Watu walirudi usiku, baada ya mtu fulani kupiga simu hapa na pale na kuambiwa mlima umetulia. Shefu wa avenyu akaja kwetu na wazee, nikakatwa faini ya kreti ya bia. Mambo ya kukimbia waliyasamehe haraka, hata wakacheka. Kilicholeta kelele mpaka karibu saa sita ni bidoni. Wamama walizikuta zao kwetu, zimejaa, na Koko anataka alipwe kazi ya kuchota.

Mrija uliharibika, ulivimba na kujaa matundu. Seremala akatengeneza mwingine wa mwanzi, mzuri, umepinda kwa asili yake, na Koko akamruhusu apake vernisi kile kiti cha uani ili moyo wake utulie. Bakuli nililipaka nta ya nyuki. Linavutika vizuri, na vile vidoa vya ubavuni Koko huwaonyesha wageni kabla hawajakaa.

Juzi shemeji wa Ufaransa akapiga simu ya video, akaomba kuona kazi. Akaangalia, akasogeza uso.

"Mbona mwanzi? Ile eboniti iko wapi?"

Nikaanza kutafuta maneno. Koko akaninyang'anya simu.

"Iliungua," alisema. "Tuma ingine. Maji imeisha."